Kuvu ya kijivu kwenye stroberi: namna ya kupima unyevu, joto na ukali wa ugonjwa katika mashamba ya Meru na Kilimanjaro

Mkulima anayechuma stroberi asubuhi ya mwezi Mei, huku kwetu juu ya Tengeru, hukutana na tunda lililoiva vizuri, jekundu na lenye kung'aa, lakini anapoligeuza upande uliolalia majani anakuta doa la hudhurungi lililolegea, na juu ya doa hilo manyoya mafupi ya kijivu yanayofanana na jivu la mafigani. Akilipuliza kidogo, vumbi huinuka na kupeperuka kabla hajavuta pumzi ya pili. Wengi wetu tukiona hivyo husema ugonjwa umeingia juzi mvua ilipozidi, kisha tunakimbilia bomba la dawa. Ukweli ni kwamba katika matunda mengi kuvu hiyo iliingia wakati wa ua, wiki nne au tano zilizopita, ikajilaza ndani ya tunda bichi bila kuonyesha dalili yoyote, ikangoja tunda lilainike na kujaa sukari. Dawa inayopigwa siku tunda linapooza imechelewa kwa mwezi mzima.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unahusu zaidi kupima. Mkulima anapaswa kujua maua yake yalikaa na maji kwa saa ngapi, joto lilikuwa kiasi gani wakati huo, na baadaye ni matunda mangapi yaliyooza na kwa kiwango gani. Vifaa vinavyohitajika si vya gharama kubwa: kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini, daftari, karatasi laini ya chooni, na macho ya mtu aliye tayari kuamka kabla ya jua.

Kuifahamu kuvu yenyewe

Jina lake la kisayansi ni Botrytis cinerea, nalo lilitolewa na mtaalamu Christiaan Hendrik Persoon mwaka 1794. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki na lina maana ya kichala cha zabibu, kwa kuwa mbegu zake ndogo, ambazo wataalamu huziita spora, hukaa kwenye vijiti vyenye matawi kama zabibu kwenye kikonyo. La pili ni Kilatini na linahusu rangi ya majivu. Si kuvu ya stroberi peke yake. Hushambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea, zikiwamo nyanya, maharage, zabibu na waridi, na kwa eneo kama letu, ambako bustani za mboga zinapakana na mashamba ya maua, maana yake ni kwamba spora zipo hewani karibu wakati wote. Mkulima hawezi kuifukuza kuvu hii katika eneo. Anachoweza ni kuinyima nafasi shambani mwake.

Kuvu hii hukua kuanzia karibu na nyuzi 0 za Selsiasi hadi nyuzi 30 au zaidi kidogo, lakini hustawi zaidi kati ya nyuzi 15 na 25, na nyuzi 20 hivi ndizo zinazoipendeza kuliko zote. Joto peke yake halitoshi. Spora ikitua juu ya petali kavu haina la kufanya; inahitaji utando wa maji, au hewa iliyojaa unyevu karibu kabisa na ukomo wake, kwa saa kadhaa mfululizo ili iote na kupenya. Chavua na utamu wa ua huisaidia kuota haraka zaidi, na ndiyo sababu ua lililofunguka ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote katika mche. Tunda bichi lina kinga yake ya asili, ambayo hupungua kadiri tunda linavyoiva.

Sasa mtu aitazame kalenda ya Arusha akiwa na namba hizo kichwani. Mji wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya miteremko ya Meru viko juu zaidi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua hunyesha usiku, mawingu hukaa mchana, na joto huzunguka humo humo ndani ya nyuzi 15 hadi 25 siku baada ya siku. Kama angetafutwa mtu wa kuipangia kuvu hii mahali pa kuishi, asingechagua vizuri zaidi. Juni na Julai mvua hupungua, lakini ukungu wa asubuhi na umande huchukua nafasi yake, na baridi hufanya majani yachelewe kukauka. Januari na Februari jua huwa kali, hewa huwa kavu, na ugonjwa hupungua bila msaada wa mtu. Moshi mjini, ambako ni chini zaidi na joto zaidi, hali ni nafuu kuliko Machame, Kibosho au Marangu, ambako mkulima wa stroberi anapaswa kujihesabu kuwa yuko katika hali moja na sisi wa Meru.

Kuhakikisha kwamba ni kuvu hii na si nyingine

Kabla ya kupima chochote, mtu ahakikishe anachopima. Chule, ugonjwa mwingine wa kuvu, huacha mabonde madogo ya mviringo, ya hudhurungi au meusi, yaliyo magumu kidogo, na wakati wa mvua hutoa ute wa rangi ya waridi au chungwa. Kuvu hiyo hupenda joto kubwa kuliko ya kijivu. Ubwiri unga huleta unga mweupe na kukunja majani kwenda juu, wala hauozeshi tunda kwa kulilainisha. Kuna pia kuvu ya ghalani, ambayo hulifanya tunda litoe maji mengi na kuota nyuzi ndefu nyeupe zenye vichwa vyeusi kama vya pini. Kuvu ya kijivu haitoi maji mengi hivyo: doa lake hulegea lakini hushikamana, hubaki rangi ya hudhurungi, kisha hufunikwa na manyoya ya kijivu, na mwisho tunda zima hukauka likawa gumu na jeusi likining'inia kwenye kikonyo. Anayebakia na shaka aliweke tunda hilo ndani ya kikopo chenye karatasi iliyolowa, akifunike, na kulitazama kesho yake na kesho kutwa. Manyoya ya kijivu yakijitokeza, shaka imekwisha.

Kupima saa za unyevu na joto

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na ndicho tunachokipuuza zaidi. Tunapenda kuhesabu milimita za mvua, ilhali kuvu hii haijali mvua ilikuwa kubwa au ndogo. Mvua ya nusu saa inayofuatwa na upepo na jua haina madhara makubwa. Manyunyu ya saa mbili usiku yanayofuatwa na ukungu hadi saa nne asubuhi ni hatari, hata kama kipimamvua kimeonyesha kiasi kidogo tu.

Saa za unyevu huhesabiwa tangu ua lilipolowa hadi lilipokauka. Wakati wa jioni, kuanzia saa 1, mkulima apite kwenye tuta moja alilolichagua na kuligusa ua kwa kipande cha karatasi laini. Karatasi ikibaki kavu, aandike «kavu» pamoja na saa. Arudie kabla ya kulala. Mvua ikinyesha usiku, saa ilipoanza huandikwa. Asubuhi arudi saa 12, kisha kila baada ya nusu saa au saa moja, akigusa maua yaleyale, hasa yale yaliyofichwa chini ya majani, kwa sababu la juu hukauka kwanza na humdanganya mtu. Tuseme karatasi ilianza kulowa saa 2 usiku na ikarudi kavu saa 3 asubuhi: hizo ni saa 13. Ikitokea maua yakakauka kwa muda mfupi halafu yakalowa tena, mimi huziunganisha saa zote kuwa kipindi kimoja, kwa kuwa ni heri kukosea kwa upande wa tahadhari.

Kipimajoto kitundikwe kimo cha matunda, ndani ya majani, kikiwa kimekingwa jua kwa kipande cha bati lililopakwa rangi nyeupe au kwa chungu kilichotobolewa. Kukitundika ukutani barazani hakufai, kwa sababu joto la barazani si joto la tuta. Asubuhi mkulima asome joto la chini kabisa la usiku, aongeze joto alilolisoma unyevu ulipoanza na alilolisoma ulipokwisha, kisha agawanye kwa tatu. Hesabu hiyo ni ya mkato, lakini inatosha kujua kama kipindi cha unyevu kiliangukia ndani ya nyuzi 15 hadi 25 au nje yake. Mwenye uwezo wa kununua kifaa cha kielektroniki kinachorekodi joto na unyevu wa hewa kila baada ya dakika chache atapumzika usingizi wake: saa zote ambazo unyevu wa hewa ulizidi asilimia 90 huweza kuhesabiwa kuwa saa za unyevu.

Nilipoanza kuandika hivi nilikuwa na matuta mawili yaliyopandwa siku moja, miche kutoka chanzo kimoja. Moja lilikuwa wazi, jingine lilikuwa upande wa magharibi wa migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani. Siku ya kwanza ya Juni nilisimama kati yake saa 2 na nusu asubuhi. Kwenye tuta la wazi karatasi ilirudi kavu. Kwenye tuta la migombani tone lilikuwa limening'inia kwenye kila ncha ya jani, na petali mbili zilikuwa zimegandamana kwa maji juu ya tunda changa kama karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Tuta hilo lilikauka karibu na saa 5. Tangu siku hiyo sijahitaji kuelezwa kwa nini kreti za tuta lile zilikuwa zikirudishwa na wanunuzi. Wazee wetu waliojenga vihamba vya migomba na kahawa walijua faida ya kivuli kwa kahawa. Stroberi haina haja nacho asubuhi.

Kuzisoma namba

Kipindi cha unyevu kisichofika saa 6 hakina uzito mkubwa, joto liwe lolote. Kati ya saa 6 na 12 hatari ipo lakini ni ya wastani, na inategemea kuna maua mengi kiasi gani yaliyofunguka na kuna uozo kiasi gani shambani. Kikizidi saa 12 huku joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25, mkulima aandike siku hiyo kwa wino mwekundu, kwa sababu maambukizi kwenye maua yanawezekana kwa kiasi kikubwa. Kikifika saa 24 au zaidi karibu na nyuzi 20, kama inavyotokea siku za masika zisizoona jua, ahesabu kwamba sehemu kubwa ya maua yaliyokuwa wazi siku hiyo imeingiwa. Usiku wa baridi wa nyuzi 10 hauondoi hatari, bali huifanya iende polepole. Huko Florida, Marekani, wakulima wa stroberi hupata tahadhari kutoka kwenye mfumo wa Chuo Kikuu cha Florida unaotumia vipimo hivi viwili, joto na saa za unyevu, badala ya kupiga dawa kila wiki kwa mazoea. Sisi tunaweza kufanya hesabu hiyohiyo kwa daftari.

Kila siku ya wino mwekundu iandikwe pia hesabu ya maua yaliyo wazi kwenye miche 20 iliyowekewa alama. Hapo ndipo daftari linapoanza kusema ukweli wa mbele: ukiongeza wiki nne hadi tano juu ya tarehe hiyo, unajua wiki ambayo matunda yenye kuvu iliyojificha yataanza kuiva, na unaweza kumweleza mnunuzi wako mapema.

Kupima ukali wa ugonjwa kwenye matunda

Hapa kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni uenezi, yaani matunda mangapi kati ya mia yana ugonjwa. Cha pili ni ukali, yaani sehemu gani ya matunda hayo imeliwa. Sampuli ichukuliwe kwa kupita shambani kwa mwendo wa pindapinda, kusimama mahali 10, na kila mahali kukagua matunda 10 yaliyoiva au yanayoanza kuiva. Mtu asiruhusu jicho lichague; ni vema kukubaliana na nafsi yake tangu mwanzo kwamba atakagua kila mche wa tano, uwe mzuri au mbaya, kwa sababu jicho la mwenye shamba huvutwa ama na tunda bora ama na tunda bovu kuliko yote.

Kila tunda lipewe alama: 0 likiwa zima, 1 likiwa na doa lisilofika sehemu moja ya kumi ya uso wake, 2 likiwa limeathirika kufikia robo, 3 kufikia nusu, na 4 likiwa limezidi nusu au limekwisha kukauka likiwa na manyoya. Kisha kila alama izidishwe kwa idadi ya matunda yaliyoipata, majibu yajumlishwe, jumla igawanywe kwa idadi ya matunda yote iliyozidishwa na alama kubwa kabisa, na kuzidishwa kwa 100. Tuchukue mfano wa matunda 100 ambayo 70 ni mazima, 12 yana alama 1, manane yana alama 2, sita yana alama 3 na manne yana alama 4. Jumla ya alama ni 12 na 16 na 18 na 16, yaani 62. Alama kubwa iwezekanayo ni 400. Uenezi ni asilimia 30, na ukali ni asilimia 15.5.

Kwa anayeuza matunda, uenezi ndio unaouma, maana tunda lenye doa dogo haliuziki sawasawa na lile lililooza lote. Hata hivyo ukali una habari yake. Shamba lenye uenezi wa asilimia 30 na ukali wa asilimia 10 linachumwa kwa wakati. Lenye uenezi uleule na ukali wa asilimia 22 lina matunda yaliyoachwa yakaozea kwenye mche, na kila moja ya matunda hayo ni kiwanda cha spora kwa maua yaliyo jirani. Nikiona tofauti hiyo kwenye daftari siulizi habari za mvua. Nauliza mara ya mwisho kuchuma ilikuwa lini.

Jaribio la tunda bichi

Kuna njia ya kuiona kuvu iliyojificha kabla ya mavuno, nayo hufanyika jikoni. Chuma matunda 50 mabichi yaliyokwisha kufikia ukubwa wake lakini bado ni ya kijani au meupe, ukiyachukua kwa mwendo uleule wa pindapinda. Yaoshe, yazamishe kwa dakika mbili ndani ya maji yaliyochanganywa na jiki kwa kipimo cha sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, kisha yasuuze mara tatu kwa maji safi, ili spora zilizo juu ya ngozi tu zisiharibu hesabu. Yaweke kwenye friza usiku mmoja. Baridi hiyo huua nyama ya tunda na kuondoa kinga yake, lakini kuvu iliyo ndani haifi. Asubuhi yapange, yasigusane, juu ya wavu au vijiti ndani ya boksi la plastiki lenye karatasi iliyolowa chini yake, funika, na uliache boksi chumbani, mbali na jua, kwa siku tano hadi saba. Yale yatakayoota manyoya ya kijivu ndiyo yaliyokuwa yamebeba kuvu tangu ua. Matunda hayo yasiliwe, na boksi lioshwe kwa jiki kabla ya kutumika tena.

Jaribio hili lina faida moja kubwa: linakuambia mavuno ya wiki mbili zijazo yana tabia gani wakati bado una nafasi ya kuamua kuyauza haraka karibu, katika soko la Kilombero mjini Arusha au kwa watengenezaji wa jemu, badala ya kuyapeleka safari ndefu ya Dar es Salaam.

Kutenda kwa kufuata vipimo

Kazi ya kwanza, na ninaisisitiza kuliko zote, ni kuondoa majani yaliyokufa. Watafiti Braun na Sutton nchini Kanada walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba chanzo kikuu cha spora shambani mwa stroberi ni majani makavu yanayobaki yakishikamana na mche. Jani linapokuwa bichi kuvu huingia ndani yake na kutulia. Jani likifa, kuvu huamka na kutoa spora. Kila mwenye shaka achukue jani moja la hudhurungi kutoka chini ya mche, alilowanishe, alifunge ndani ya mfuko wa nailoni na kuuweka chini ya kitanda kwa siku nne. Atakapoufungua ataona msitu mdogo wa kijivu, na hatahitaji kushawishiwa tena. Majani hayo, pamoja na matunda yaliyooza na vikonyo vyake, yaondolewe kila wiki, yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na yazikwe mbali na shamba. Kuyatupa kati ya matuta ni kuhamisha ugonjwa hatua moja tu. Kazi hii ifanyike majani yakiwa makavu, na mtu anayeokota matunda mabovu asiwe yuleyule anayechuma mazima, au akiwa ndiye, anawe mikono kwanza.

Kazi ya pili ni kupunguza saa za unyevu zenyewe. Miche iachane sentimita 30 au zaidi, kwenye matuta yaliyoinuliwa, na mistari ielekezwe upande ambao upepo wa eneo hupita. Umwagiliaji wa matone ni bora kuliko wote; anayetumia keni amwagie kwenye shina, asubuhi, na kamwe si jioni juu ya maua. Matandazo ya nailoni au ya nyasi kavu huzuia tunda lisiguse udongo, ingawa majani ya migomba yaliyorundikwa kwa unene hushika maji na kuoza, na huo ni msaada kwa kuvu. Banda la nailoni lililo wazi pande zote mbili hukinga maua dhidi ya mvua na kupunguza ugonjwa kwa kiasi ambacho hakuna dawa inayoweza kukifikia kwa uhakika uleule. Lakini banda lililofungwa usiku kucha na kuchelewa kufunguliwa hugeuka chungu cha mvuke, na nimeona vitalu nyumba vya aina hiyo vikioza kuliko shamba la wazi.

Mbolea ya urea ikizidi huleta majani mengi, mazito na laini, ambayo hufunika maua na kuyanyima hewa. Samadi iliyoiva vizuri na kiasi cha wastani cha naitrojeni vinatosha.

Dawa huja baada ya hayo yote. Msimu mmoja wa masika nilikwenda katika duka la pembejeo nikiwa na matunda yaliyooza mkononi, nikauziwa dawa ya ugonjwa wa nyanya uitwao baka chelewa, yenye viambato vya metalaksili na mankozebu. Nilipiga mara tatu, na ugonjwa uliendelea kama vile nilipiga maji. Baadaye nilielewa kwamba metalaksili hufanya kazi dhidi ya viumbe wa jamii ya baka chelewa, ambao si kuvu halisi, na kwa kuvu ya kijivu haina nguvu yoyote, wakati mankozebu huikinga mimea kwa unyonge tu dhidi yake. Niliumia kwa fedha, na niliumia zaidi kwa sababu nilikuwa nimewapa wanangu matunda yaliyopigwa dawa isiyo na kazi. Ndiyo maana namwomba kila mkulima asome kiambato kwenye lebo, si jina la biashara, na aulize katika ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yapo Ngaramtoni hapa Arusha, ni viuakuvu gani vimesajiliwa kwa ajili ya zao lake.

Viambato vinavyojulikana duniani kupambana na kuvu hii ni kama fenheksamidi, fludioksonili, siprodinili na boskalidi, na kila kimoja kina namba ya kundi inayoonyesha jinsi kinavyoua. Namba hiyo ni muhimu, kwa sababu kuvu ya kijivu hujifunza upesi: dawa za kundi la benomili zilianza kushindwa mbele yake mapema miaka ya 1970, muda mfupi baada ya kuanza kutumika. Kundi moja lisipigwe mara mbili mfululizo, na lisizidi mara mbili katika msimu. Wakati wa kupiga ni maua yanapokuwa mengi na daftari likionyesha kipindi cha hatari kilichopita jana au kinachokuja kesho, jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, huku siku zilizotajwa kwenye lebo kati ya dawa na mavuno zikiheshimiwa bila kupunguzwa hata moja. Kwa stroberi zinazotoa maua miezi mingi mfululizo, kama nyingi za kwetu, kupiga kwa ratiba ya kila wiki ni kupoteza fedha na kuifundisha kuvu.

Mavuno na baada yake

Matunda yachumwe kila baada ya siku mbili au tatu, umande ukiisha kukauka, kwa kukata kikonyo bila kuliminya tunda, na yawekwe moja kwa moja kwenye kikasha ambamo yatauzwa, kwa kuwa kila kuhamishwa ni mchubuko mwingine na mchubuko ni mlango. Yasioshwe kabla ya kuuzwa. Yafikishwe kwenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 2 mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache za kuchumwa. Kuvu ya kijivu haifi kwenye baridi hiyo, bali huendelea kukua taratibu, wakati ile ya ghalani yenye vichwa vyeusi husimama kabisa. Kwa hiyo matunda yanayokaa baridini yakiota manyoya, mkulima ajue kwamba ni ya kijivu, afungue daftari lake, arudi nyuma wiki nne hadi tano, na atafute tarehe iliyoandikwa kwa wino mwekundu.